Mashabiki Walipogombea Udiwani

Tarehe 3 Mei 1990, wakazi wa Greenwich, kusini-mashariki mwa London, waliamka kwenda kuchagua madiwani wao. Kwenye karatasi ya kura, kando ya Labour na Conservative, wakakuta jina geni: Valley Party. Chama hiki kilikuwa na ajenda moja tu: timu yetu irudi nyumbani.

Timu yenyewe ni Charlton Athletic, na nyumbani ni uwanja unaoitwa The Valley. Walianza kuchezea hapo 1919, ndani ya shimo la zamani la machimbo ambalo mashabiki wa kujitolea walisaidia kulisawazisha. Mwaka 1938 watu 75,031 walijazana humo kutazama mechi moja dhidi ya Aston Villa. Ulikuwa kati ya viwanja vikubwa zaidi vya klabu Uingereza nzima.

Shida ilianza klabu na ardhi vilipotengana. Mwaka 1982 mmiliki aliuza klabu lakini uwanja akabaki nao. Wanunuzi wakawa wapangaji, na 1984 klabu ikaponea chupuchupu kufungwa kwa sababu ya madeni. Kisha Mei 1985 moto ukaua watu 56 kwenye uwanja wa Bradford City, usalama wa viwanja ukaanza kukaguliwa vikali, na jukwaa kubwa la The Valley likafungwa.

Mashabiki walijuaje kwamba wanahama? Kwa kikaratasi. Tarehe 7 Septemba 1985 walikuja kutazama Charlton ikicheza na Crystal Palace, wakapewa kikaratasi kinachosema timu inahamia Selhurst Park, uwanja wa hao hao Crystal Palace. Wiki mbili baadaye wakacheza mechi ya mwisho. Hakuna aliyewauliza kitu. Ni kama wewe wa Gor uambiwe kuanzia Jumapili ijayo timu yako ni mgeni wa Ingwe, tena umeambiwa ukiwa umeshalipa kiingilio.

Miaka ikapita, nyasi na vichaka vikaota hadi kwenye ngazi za jukwaa. Mashabiki walikusanya sahihi, wakaandamana, na 1988 wakaanzisha jarida lao, Voice of The Valley, ambalo mhariri wake, Rick Everitt, hakuliacha jambo hili lilale. Wakurugenzi wapya wakaupata tena uwanja. Mwaka 1989 mashabiki wenyewe walienda na mapanga na majembe kufyeka na kuchoma takataka katikati ya uwanja. Watu walidhani kazi imeisha.

Kumbe bado kibali. Januari 1990 baraza la Greenwich, lililokuwa chini ya Labour, likakataa mpango wa kuujenga upya uwanja. Hapo ndipo mashabiki walipogundua kitu ambacho kelele za uwanjani zilikuwa zimekificha: aliyewazuia sasa alikuwa diwani, mtu anayepigiwa kura.

Basi wakasimamisha wagombea 60. Kulikuwa na viti vichache tu ambavyo hawakuvigusa, na waliowaachia ni madiwani waliokuwa wamewaunga mkono. Shabiki mmoja aliyefanya kazi ya matangazo akabuni mabango yaliyotundikwa mtaa kwa mtaa. Kura zilipohesabiwa, Valley Party ilikuwa na 14,838, karibu asilimia 11.

Hawakupata hata kiti kimoja. Lakini mwenyekiti wa kamati ya mipango, ile iliyokataa kibali, alipoteza chake. Wenzake waliobaki walielewa somo bila kuelezwa. Mwaka 1991 kibali kikatoka. Tarehe 5 Desemba 1992 Charlton ikarudi The Valley, ikaifunga Portsmouth 1-0. Colin Walsh alifunga dakika ya saba.

Ningependa kuishia hapo, lakini historia ina kisirani chake. Klabu hiyo hiyo ilipouzwa tena Januari 2020, uwanja ulibaki mikononi mwa mmiliki wa zamani. Yaani 1982 imerudi. Kura ya 1990 ilirudisha timu nyumbani, lakini haikubadilisha sheria iliyoruhusu nyumba kutenganishwa na mwenye nyumba. Sheria hiyo ilichukua miaka mingine mingi: Bury ikafukuzwa kwenye ligi 2019, klabu kubwa zikajaribu kuunda Super League Aprili 2021, mashabiki wakafurika barabarani, na serikali ikaagiza uchunguzi ulioongozwa na mbunge Tracey Crouch. Julai 2025 ndipo Uingereza ilipopata Football Governance Act. Sheria hiyo inaitaka klabu ipate idhini ya msimamizi huru kabla ya kuuza uwanja wake au kuhama.

Sisi huku tumezoea kumwendea mwanasiasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkono mtupu: mheshimiwa, timu haina nauli, haina jezi. Anatoa bahasha, anapigwa picha, tunamwita mlezi. Ya pili ni kumwomba waziri apige rungu. Novemba 2021 waziri wa michezo, Amina Mohamed, alivunja uongozi wa FKF kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Wengi tulishangilia. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na hadi Novemba mwaka huo Harambee Stars walikuwa watazamaji kama mimi na wewe.

Mashabiki wa Charlton walipita njia ya tatu. Hawakuomba pesa za baraza, wala hawakumtaka diwani aingilie chama cha mpira. Walimdai kitu kilichokuwa ndani ya kazi yake, kibali cha ujenzi, wakamwonyesha bei ya kukataa. FIFA haina kifungu cha kumwadhibu mpiga kura.

Na kwetu kazi hiyo ina mwenyewe. Katiba ya 2010 imeweka mipango ya ardhi na viwanja vya michezo chini ya kaunti. Gor Mahia na AFC Leopards, na ukubwa wao wote, hazina uwanja wao. Hukodi, husubiri ratiba, huhamishwa kukiwa na ukarabati. Yule MCA unayemsalimia kwenye matanga ndiye mwenzake yule diwani wa Greenwich.

Agosti 2027 watakuja mtaani kwako na mipira mipya na seti ya jezi zenye majina yao mgongoni. Chukua, hakuna ubaya. Kisha muulize, mbele ya watu: kile kiwanja tunachochezea hapa kimeandikwa kwa jina la nani?