Windows 10 imefika mwisho: Uhamie Windows 11, Linux Mint au ubaki kidogo?

Kama kompyuta yako bado inatumia Windows 10, kuna tarehe imekupita. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuutolea mfumo huo masasisho ya kawaida ya usalama. Wengi hawakushtuka, na si ajabu. Mashine inawaka, mafaili yapo palepale, printa inachapa kama jana.

Tatizo halionekani kwa macho. Kila mwezi hugunduliwa matundu mapya kwenye mifumo ya kompyuta. Mfumo unaotunzwa matundu yake huzibwa. Ulioachwa hauzibwi, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo.

Kumbuka Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, kisha kikadai malipo ili kuyafungua. Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa ya tundu hilo tangu Machi mwaka uleule. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuwa wameapdeti.

Programu nazo hukuacha taratibu. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na mwanzoni mwa 2023 Chrome nayo ikaacha kuitolea matoleo mapya. Windows 10 itapita njia hiyohiyo.

Basi uhamie wapi? Usianze kwa kuuliza mfumo upi ni mpya zaidi. Anza na maswali mawili: mashine yangu inabeba nini, na ni programu ipi ambayo bila hiyo kazi yangu inasimama?

Hatua ya kwanza: ipime mashine yako

Huhitaji fundi kwa hili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kitatokea kisanduku kidogo cha kuandikia. Humo utaandika maneno matatu, moja baada ya jingine.

1. Andika winver. Utaona toleo lako la Windows. Kama ni Windows 10, linatakiwa liwe 22H2, ambalo ndilo la mwisho. Kama liko chini ya hapo, apdeti kwanza.

2. Andika msinfo32. Tafuta mstari wa Processor. Kwa Intel, angalia namba inayofuata i3, i5 au i7. Ikiwa ni i5-6300U, hicho ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. i5-10210U ni cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha 7.

Kwa AMD, Ryzen nyingi za namba 3000 kwenda juu zinakubalika, na baadhi ya zile za 2000. Hapa usikisie. Pakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakujibu ndiyo au hapana.

3. Andika tpm.msc. Hii ni chipu ya usalama iliyo ndani ya mashine. Windows 11 inataka toleo la 2.0. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa haraka. Wakati mwingine ipo ila imezimwa kwenye BIOS, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache.

Mengine ni RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Hicho ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa tu. Kwa kazi za kila siku, Windows 11 kwenye GB 4 inachechemea. Ukiwa na GB 8 na diski ya SSD utafanya kazi kwa amani.

Wanunuzi wa laptopu za mtumba, hapa patahusu

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zilikuwa za maofisini huko nje: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ni mashine imara, lakini umri wake unaweza kukuponza.

EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha 6, kwa hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11. ThinkPad T470 ni ya kizazi cha 6 au cha 7, nayo iko nje. Zinazofuata, 840 G5 na T480, nyingi ni za kizazi cha 8 na zinakubalika. Nimesema nyingi kwa sababu baadhi zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7. Kwa hiyo usinunue kwa kusoma jina la juu ya kava. Iwashe, andika msinfo32, soma namba mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Na ukikuta mashine ya kizazi cha 5 au cha 6 inauzwa huku "imeshawekwa Windows 11", ujue imelazimishwa. Inawezekana kuukwepa ukaguzi na ikawaka vizuri tu. Lakini Microsoft inasema wazi kuwa mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Ukinunua hivyo, unaweza kurudi kwenye tatizo lilelile ulilokuwa unalikimbia.

Chaguo la 1: Windows 11

Kama mashine imefaulu vipimo vyote, hili ndilo chaguo rahisi. Kutoka Windows 10 halali hulipi chochote. Programu zako na mafaili yako hubaki mahali pake, na usipopenda una siku 10 za kurudi Windows 10.

Kinachouma ni bando. Jiandae kwa zaidi ya GB 5. Kama intaneti yako ni ya kuunga, mtu mwenye intaneti nzuri anaweza kukuwekea kwenye flashi ya GB 8 au zaidi.

Inawafaa: wahasibu, wachoraji wa AutoCAD, wanaotumia Photoshop, na wenye programu za dukani zilizotengenezwa kwa Windows pekee.

Chaguo la 2: Kubaki Windows 10 kwa muda

Microsoft imeweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi, uitwao ESU. Unaendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Unaingia kwa njia mojawapo kati ya hizi: kuruhusu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft bila malipo, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kulipa dola 30 za Marekani mara moja.

Sharti ni kuwa na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Fungua Settings, ingia Update & Security, kisha Windows Update, na utafute maandishi ya kujiandikisha.

Huu ni muda wa kujipanga, siyo makazi ya kudumu. Unamfaa mtu ambaye mashine yake haibebi Windows 11, lakini ana programu moja asiyoweza kuiacha na bado anatafuta hela ya mashine nyingine.

Wapo wanaoshangaa mbona antivirusi ya Windows Defender bado inaapdeti. Ni kweli, Microsoft imeahidi hivyo hadi Oktoba 2028. Ila antivirusi ni mlinzi wa getini. Ukuta ukiwa na tundu, mlinzi hakusaidii sana.

Chaguo la 3: Linux Mint

Kwa mashine iliyokataliwa na Windows 11 lakini bado ina nguvu, hapa ndipo penye uhai mpya. Linux Mint ni ya bure kabisa, na sura yake inafanana na Windows: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia. Inawaka kwa RAM ya GB 2, ingawa wenyewe wanapendekeza GB 4. Mashine ikiwa dhaifu sana, chukua toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Matoleo ya Mint 22 yatatunzwa hadi mwaka 2029.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaonja kabla ya kununua. Faili lake lina karibu GB 3. Unaliweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na Mint inafunguka bila kugusa Windows yako. Hapo jaribu vitu vinne: Wi-Fi, sauti, printa na kamera. Vyote vikikubali, endelea. Kimoja kikigoma, zima, chomoa flashi, na Windows yako utaikuta kama ulivyoiacha.

Lakini usidanganywe kwamba Linux inafanya kila kitu. Microsoft Office ya kusakinisha haimo. Utapata LibreOffice, ambayo inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, ila yenye mpangilio mgumu yanaweza kuvurugika kidogo. Office ya mtandaoni inafunguka ndani ya brauza. Photoshop na AutoCAD hazina toleo la Linux.

Kwa wafanyabiashara, angalieni zaidi ya hapo. Kama unajaza ritani za iTax ya Kenya kwa fomu ya Excel yenye makro, ijaribu kwanza. Kama una mashine ya risiti ya EFD iliyounganishwa na kompyuta, muulize aliyekuuzia kama programu yake inakubali Linux. Uliza kabla ya kufuta Windows, siyo baada.

Chaguo la 4: ChromeOS Flex

Huu ni mfumo wa Google wa bure kwa kompyuta za zamani. Unataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 16. Kila kitu kinafanyika ndani ya Chrome: barua pepe, Google Docs, YouTube, WhatsApp Web.

Watu wengi huingia wakidhani watapata Play Store kama kwenye simu. Haipo. Programu za Android hazifanyi kazi humo. Pia ukiusakinisha unafuta diski yote, na bila intaneti mashine inakuwa na kazi chache. Kabla ya kuuchukua, angalia orodha ya Google ya modeli zilizothibitishwa. Kila modeli imewekewa mwaka wake wa mwisho.

Unamfaa mwanafunzi au mzee wa nyumbani mwenye Wi-Fi ya uhakika. Kwa anayenunua bando la siku, Mint ni bora.

Kabla ya kugusa chochote

Mfumo mbovu unaweza kuubadilisha tena wiki ijayo. Picha za harusi na hesabu za duka zikifutika, hazirudi. Kwa hiyo fuata haya.

Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli yamo. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu. Usisahau vilivyo kwenye Desktop na Downloads, ndiko wengi tunakotupia kila kitu.

Hakikisha umeme. Chaji betri ijae na uache waya umechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza kugoma kuwaka.

Usikubali Windows ya kukrakiwa. Vile viprogramu vya kuamilisha Windows bila leseni mara nyingi huja na virusi, na kabla ya kuvitumia utaambiwa uzime antivirusi. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa kwa mkono wako mwenyewe.

La mwisho linasahaulika sana: akaunti iwe yako. Windows 11 za karibuni zikisakinishwa upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi diski hufungwa kwa siri moja kwa moja. Ufunguo wake wa tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Kama fundi alitumia akaunti yake ili kuharakisha kazi, basi ufunguo wa mafaili yako uko kwake. Siku mashine ikiuomba ufunguo huo, na fundi amebadilisha namba au amehama mtaa, mafaili hayafunguki kwa njia nyingine. Kaa naye, ingiza barua pepe yako mwenyewe, na ufunguo huo uunakili kwenye karatasi utakayoitunza nyumbani.

Kwa kifupi

Mashine imefaulu vipimo: nenda Windows 11.

Imefeli, na kazi yako inategemea programu ya Windows: jiandikishe ESU, na anza kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha 8 au zaidi.

Imefeli, na kazi yako ni kuandika, kuvinjari na kuangalia video: ijaribu Linux Mint kwa flashi wikiendi hii.

Imefeli, intaneti ipo muda wote na unaishi ndani ya Chrome: ChromeOS Flex.

Kompyuta yenye mafaili unayoyategemea isiendelee kuingia mtandaoni kwa Windows 10 isiyo na masasisho. Kama leo huna nafasi ya kubadilisha mfumo, angalau andika winver ujue uko wapi, kisha nakili mafaili yako.