Malengo ya Mwaka Mpya: Funzo Kutoka Mpakani

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike kadiri Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Tarehe haikuwekwa. Baraza la Mawaziri lilikuja kuidhinisha matumizi yake rasmi Julai 2022, miaka 17 baadaye. Wachuuzi wa Busia na Tororo hawakungoja. Walipatana bei kwa Kiswahili kila siku ya soko.

Nasi wanafunzi na walimu tujifunze hapo. “Nitaboresha Kiswahili changu” ni nia tu. Tuandike: maneno 10 ya sokoni kila Jumamosi, majuma 50, maneno 500. Disemba tuyahesabu daftarini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo.