Limerudi

Mwaka 2020 Nam Lolwe iliingia jikoni kwa waya wangu, dada ya baba, kule Dunga. Sufuria zikaelea. Jirani mmoja mzee hakushtuka. Alisema tu, “Limerudi.” Yeye alilikumbuka la 1964.

Kurudi. Neno hilo limewahi kuwapoteza hata wasomi (mimi fizikia niliiacha mwaka wa pili, kwa hivyo nasema pole pole). Vipimo vya ziwa vilianza 1896, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks alivilinganisha na hesabu za madoa ya jua, akaona vinapanda na kushuka pamoja, kila miaka 11 hivi. Ikaonekana ziwa lina ratiba na ratiba yenyewe iko juu angani. Haikupita miaka mingi, viwili hivyo vikaachana. Halafu zikaja mvua za 1961. Ziwa likapanda zaidi ya mita mbili na kufika kilele 1964, mwaka ambao madoa ya jua yalikuwa karibu yaishe kabisa.

Brooks hakudanganya mtu. Alikuwa na miaka michache mno mkononi. Harold Hurst, aliyeutumikia mto Nile kule Misri karibu maisha yake yote, alipekua rekodi za Cairo zinazorudi hadi mwaka 622. Mwaka 1951 alionyesha kwamba miaka ya maji mengi huandamana, na ya ukame vilevile, kuliko bahati tupu ingeruhusu. Benoit Mandelbrot baadaye akaipa tabia hiyo jina la Yusufu, yule wa ng’ombe saba wanono na saba waliokonda. Kelele ya namna hii ina kumbukumbu. Ukikata kipande kifupi, utaapa umeona mpangilio.

Kichekesho ni kwamba jua lenyewe lina kelele iliyo jamaa ya hiyo. Upepo wa jua, ambao Eugene Parker aliutabiri 1958, hubeba usumaku unaotikisika. Mwaka 1986 William Matthaeus na Melvyn Goldstein walionyesha kwamba kati ya mitikisiko ya saa chache na ya siku kadhaa, hakuna kipimo kinachotawala: mtikisiko ukiwa wa polepole mara kumi, nguvu yake huzidi mara kumi. Vuta picha karibu au mbali, sura ni ileile. Wao walidhani chanzo ni juani kwenyewe, vurugu nyingi za sumaku, za haraka na za taratibu, zikipandana kabla upepo haujaondoka. Wengine wanasema inajitengeneza njiani. Baadhi ya vipimo vya Parker Solar Probe, chombo kilichorushwa 2018, vinawapa nguvu hawa wa pili, maana karibu na jua sura hiyo huonekana haijakomaa. Bado wanabishana.

Waya amejenga tena, juu kidogo ya pale pa zamani. Aliniuliza maji yatarudi lini. Nikamwambia vipimo vyetu vina miaka mia moja na ushei tu. Akacheka, akaongeza mawe mawili kwenye msingi.