Kifungu cha 38

Ukifungua Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya leo na ushuke hadi kifungu cha 38, utaambiwa kwamba kimefutwa, basi. Wengi hupita hapo bila kusimama. Mimi nilisimama kwa sababu nilikuwa naisoma bure mtandaoni, kwa simu, sina mtihani wala mhadhiri wa kuniharakisha. Niliacha chuo mwaka wa pili, na moja ya faida zake chache ni kwamba sasa nasoma ninachotaka. Nikataka kujua pale palikuwa na nini.

Palikuwa na hiki: mtu akimsingizia mwenzake kosa lolote lililo katika sheria hiyo, atapewa adhabu ile ile ya kosa alilolisingizia. Yaani msichana aende kituoni aseme amebakwa, kesi ivunjike, halafu korti iamue kwamba alidanganya, basi anaweza kufungwa miaka ile ile ambayo mbakaji angefungwa. Sasa fikiria uko nje ya kituo cha polisi saa nne usiku, huna shahidi, na mtu amekueleza kifungu hicho. Ungeingia?

Kilidumu kuanzia 2006 hadi 2012. Kinachonishangaza ni kwamba kilikuwa ndani ya sheria iliyoletwa Bungeni na mwanamke, kwa nia ya kuwalinda hao hao waliosimama nje ya kituo.

Mwanamke huyo ni Njoki Ndung'u. Siku hizi yeye ni jaji wa Mahakama ya Juu, na amekuwa huko tangu 2011. Lakini kabla ya hapo alikuwa wakili aliyeingia Bunge la Tisa kama mbunge wa kuteuliwa. Wakenya tunavyowachukulia wabunge wa kuteuliwa unajua: abiria. Hana eneo bunge, hana mtu wa kumuuliza barabara imefika wapi, akinyamaza miaka mitano hakuna atakayegundua. Njoki hakunyamaza. Na Bunge lenyewe lilikuwa hivi: wabunge 222, wanawake 18.

Akaamua kuleta mswada binafsi. Mswada wa serikali una waziri nyuma yake, na waziri ana kiranja wa kuhesabu vichwa siku ya kura. Mswada binafsi hauna yeyote. Kwanza unaliomba Bunge ruhusa ya kuuleta, halafu unasubiri nafasi, ambayo kwa kawaida ilikuwa Jumatano asubuhi, wakati viti vingi havina watu. Miswada mingi ya aina hiyo ilifia njiani kimya kimya.

Alichotaka kubadilisha kilikuwa kimezeeka. Makosa ya ngono yalikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza, kwenye sura inayoitwa makosa dhidi ya maadili. Angalia jina hilo vizuri. Anayekosewa hapo ni maadili, si mtu. Ubakaji ulihesabika tu kama umefanyiwa mwanamke au msichana. Mvulana aliyefanyiwa unyama ule ule alitafutiwa kosa lenye jina lingine. Kubakwa na genge hakukuwa na kifungu chake. Adhabu ilikuwa na kiwango cha juu lakini haikuwa na cha chini, hivyo hakimu mmoja angeweza kutoa miaka mingi na mwenzake wa korti ya jirani akatoa michache, kwa kosa lile lile. Mswada wa Njoki uliyakusanya yote mahali pamoja na kuyaita kwa majina yake: ubakaji, ubakaji wa genge, kunajisi mtoto, utalii wa ngono kwa watoto, kumwambukiza mtu virusi vya HIV kwa kukusudia, bosi kumsumbua mfanyakazi.

Mjadala ukafika Aprili 2006, na hapo ndipo mambo yalipochemka. Mbunge mmoja akasimama na kueleza kwamba kwa desturi zetu mwanamke Mwafrika akisema hapana huwa anamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake wakatoka nje. Kisa hicho ndicho watu wanachokumbuka mpaka leo, na sikatai, kinakasirisha. Ila kwangu huyo si muhimu sana. Yeye alisema kwa sauti kubwa kile ambacho wenzake walikisema kwa adabu. Wao walizungumzia utamaduni. Walizungumzia wanaume ambao wangefungwa kwa kumtongoza msichana, eti vijana wangeoaje kama kukatia kumekuwa kosa la jinai? Na walizungumzia wanawake waongo. Hoja ya wanawake waongo ilirudi tena na tena, tena kutoka kwa watu waliosema wanaunga mkono mswada.

Hoja hiyo haikuzaliwa 2006. Mwaka 1959, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili alipe matunzo. Bunge la Kenya huru likaifuta mwaka 1969. Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango wa Kisumu alichaguliwa baadaye mwaka huo huo, wa kwanza. Na wanaume walioifuta walisema nini? Kwamba wasichana walikuwa wanaitumia kuwatega wanaume, wanazaa ili walipwe. Baada ya hapo mama huyo alibaki na mzigo wake kwa miongo mingi. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilianza kwa kumtwika mama jukumu kama wazazi hawajaoana, na ni Katiba ya 2010 iliyosema waziwazi kwamba baba na mama wanalibeba sawa, wawe wameoana au la. Miaka 41, kwa sababu ya hofu ya kutegwa.

Kwa hiyo Njoki alikuwa anabishana na hofu ya zamani kumliko. Na hesabu haikuwa upande wake. Wanawake 18 wote wakipiga kura ya ndiyo, bado wanahitaji wanaume wengi, na wanaume hao walikuwa na bei. Ukeketaji ukatolewa. Pendekezo la kuwahasi wabakaji kwa dawa likatolewa (hilo sililii). Ubakaji ndani ya ndoa ukatolewa, na ili pasiwe na shaka, kifungu cha 43(5) kikaandikwa kwamba maelezo yale kuhusu tendo lisilo halali hayawahusu watu waliooana kisheria. Na kwa wale wa wanawake waongo, kikawekwa kifungu cha 38.

Mswada ukapita. Rais Kibaki akautia sahihi Julai 2006.

Je, alikosea kukubali? Nimebadilisha mawazo juu ya hili mara kadhaa. Ni rahisi kwa sisi wa sasa, tunaoweza kuandika uzi mrefu usiku na kulala, kusema angekataa na kuuondoa mswada. Angeuondoa, Kanuni ya Adhabu ingebaki vilevile, na mvulana yule angeendelea kukosa jina. Nadhani alihesabu sawasawa. Lakini ni lazima tuseme pia nani alilipa. Mke aliyebakwa na mumewe alilipa, na msichana wa kituoni alilipa kwa miaka sita.

Sheria yenyewe ina ukali ambao si wa kulaumu wanaume wa Bunge peke yao. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Hiyo ndiyo dawa waliyoipata kwa mahakimu waliokuwa wanatoa adhabu za huruma. Lakini kijana wa miaka 18 na mpenzi wake wa 17 wanaingia kwenye neti hiyo hiyo na mzee anayewavizia watoto wa shule, na kwa kawaida ni kijana wa kiume anayesimamishwa kizimbani. Majaji wengine walianza kukwepa viwango hivyo vya chini. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikasema viwango ni halali, na kama vinabadilishwa, Bunge ndilo libadilishe.

Mwaka uliofuata, 2007, Njoki alisukuma marekebisho katika Sheria ya Ajira. Haya tunayazungumzia kidogo kuliko yanavyostahili. Zamani mama alipata miezi miwili ya uzazi na akapoteza likizo yake ya mwaka mzima, kana kwamba kujifungua ni kwenda Diani. Sasa ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, likizo yake iko palepale, na baba ana wiki mbili. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Mimi ninayelipwa kwa makala siguswi na lolote kati ya hayo, na nikiangalia marafiki zangu wanaobeba chakula kwa pikipiki, nao hawaguswi.

Vilivyotolewa 2006 vimerudi kimoja kimoja, kwa milango mingine. Ukeketaji ulipata sheria yake 2011, kwa mswada binafsi vilevile, ulioletwa na mwanamume, Fred Kapondi wa Mlima Elgon. Sheria ya ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani ya 2015 inataja dhuluma ya kingono ndani ya ndoa, ila inachokupa ni amri ya korti ya kukulinda. Kumshtaki mume kwa ubakaji ni jambo lingine.

Na kifungu cha 38 kiliondolewa 2012, ndani ya ile sheria ya marekebisho mbalimbali ambayo Bunge huitumia kusafisha vitu vidogo vidogo vya sheria nyingi kwa mkupuo mmoja. Kilichoingia kwa kelele kikatoka kwa mstari mmoja wa jedwali. Nilipomaliza kusoma jedwali hilo nilirudi kwenye sheria yenyewe kuangalia 43(5). Hicho bado kipo.