Urafiki, Utumwa na Maisha ya Heri: Aristotle Mbele ya Historia ya Masasi

Wanafunzi wa theolojia waanzapo somo la maadili hukutana mapema na Wayunani wa kale, na wengi huuliza mtumishi wa Injili anapata faida gani kwa kukaa na wanafalsafa wa Athene. Katika makala haya tunapenda kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutalichukua fundisho la Aristotle juu ya urafiki, na kuliweka mbele ya mambo yaliyotokea kati ya pwani ya Mikindani, bonde la Ruvuma na vilima vya Masasi katika karne ya 19. Twaamini kwamba fundisho hilo litatusaidia kuielewa historia yetu, na kwamba historia yetu nayo itatuonyesha mahali fundisho hilo linapokwama.

Aristotle (384–322 K.K.) alianza kwa kuuliza lengo la maisha ya mwanadamu ni nini. Jibu lake ni eudaimonia. Neno hili ni gumu kulitafsiri. Tukisema "furaha", twaweza kudhani ni hisia ijayo asubuhi na kutoweka jioni. Tukisema "heri" twakaribia zaidi, ila tukumbuke kwamba heri za Mlimani katika Injili ya Mathayo zatumia neno lingine, makarios. Kwa Aristotle, eudaimonia ni maisha mazima ya mtu atendaye vema kwa kuongozwa na akili. Wema huo, yaani arete, haupatikani kwa kusikiliza mafundisho tu. Mtu huwa shujaa kwa kuzoea kutenda ya ushujaa, na huwa mwenye haki kwa kuzoea kutenda haki, kama vile mwashi ajifunzavyo kujenga kwa kujenga.

Fundisho hilo si geni Kusini mwa Tanzania. Wayao, Wamakua na Wamakonde wamewalea vijana wao kwa jando na unyago, ambamo mwili, nyimbo na nidhamu humfundisha kijana pamoja na maneno ya wazee. Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Anglikana ya Masasi (1926–1944), aliitambua nguvu ya malezi hayo, akataka jando liingizwe katika maisha ya Kanisa badala ya kupigwa marufuku. Sisi Walutheri hatuna budi kukumbuka hapa onyo la Luther. Mnamo Septemba 1517, kabla ya zile hoja 95, alikana kwamba tunafanywa wenye haki kwa kutenda haki: mbele za Mungu mtu hufanywa kwanza mwenye haki kwa neema, ndipo atende yaliyo ya haki. Hata hivyo Melanchthon, mwenzake wa Wittenberg, aliandika ufafanuzi wa kitabu hicho cha Aristotle mwaka 1529, kwa maana aliona kwamba malezi ya maisha ya hapa duniani bado yahitaji busara ya namna hiyo. Ni kwa kiasi hicho nasi twamsikiliza.

Kati ya vitabu 10 vya maadili ya Aristotle, viwili vyahusu urafiki, yaani philia. Hakuna mtu, asema, ambaye angechagua kuishi bila marafiki hata kama angekuwa na mema mengine yote. Kisha atenga aina tatu. Kuna urafiki wa manufaa, kama ule wa wafanya biashara. Kuna urafiki wa kupendezana, kama ule wa vijana. Na kuna urafiki wa wema, ambamo mtu humtakia rafiki yake mema kwa ajili ya rafiki mwenyewe. Huu wa mwisho ni adimu nao wahitaji muda. Aristotle ataja methali ya watu wake, kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Katika pwani ya Mtwara na Lindi, ambako chumvi hupatikana kwa kuanika maji ya bahari, msomaji hahitaji kufafanuliwa. Nasi husema juu ya mzee kwamba amekula chumvi nyingi.

Lakini urafiki huo una mipaka miwili. Mpaka wa juu ni Mungu: umbali ukizidi mno, asema Aristotle, urafiki hauwezekani tena. Mpaka wa chini ni mtumwa. Yeye alimwita mtumwa chombo chenye uhai, akafundisha kwamba bwana hawezi kuwa rafiki wa mtumwa akiwa mtumwa. Akaongeza kwamba urafiki waweza kuwapo naye akiwa mwanadamu. Mlango huo aliufungua kidogo, asiupite. Maisha yale ya heri aliyoyasifu yalisimama juu ya kazi za watu wasiohesabiwa kuwa marafiki.

Sasa tuje kwetu. Livingstone alipotua Mikindani mwaka 1866, njia zitokazo upande wa Ziwa Nyasa kuelekea pwani zilikuwa njia za misafara ya pembe na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta kutoka Zanzibar watu waliowekwa huru, zaidi ya 50, wapite Lindi kwenda kwao bara. Safari ikaishia Masasi, na hapo wakajenga kijiji. Watu hao walikuwa wamekatwa mbali na ukoo wao, nao wakaishi chini ya uangalizi wa misheni. Minyororo ilikuwa imeondolewa, lakini usawa ule autakao Aristotle kwa marafiki haukuwapo bado.

Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara walikishambulia kijiji na kuchukua mateka. Mmisionari Chauncy Maples na baadhi ya watu wakahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Huenda Matola alikuwa na manufaa yake katika kuwapokea wageni hao. Lakini urafiki ulioanza kwa haja ya ulinzi uliendelea kwa miaka mingi ya kuishi jirani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akawekwa huru na kusomeshwa Zanzibar. Tangu mwaka 1886 alifanya kazi Chitangali, katika eneo la mkuu Nakaam, na mwaka 1890 akapewa ukasisi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Tulitafakari jambo hili kwa makini: aliyewahi kuwa bidhaa ya misafara aliishi kama mwalimu na mchungaji karibu na mkuu wa kabila. Nakaam naye alibatizwa, akaitwa Barnaba.

Aristotle asingeweza kulieleza hilo kwa fundisho lake. Injili yaweza. Katika Yohana 15 Bwana awaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa, amewaita rafiki. Na maneno ya Kiyunani hapo ni yale yale, douloi na philoi. Paulo, katika Wafilipi 2, amtaja Kristo kuwa alitwaa namna ya mtumwa. Mipaka yote miwili, wa juu na wa chini, imevukwa katika mtu mmoja. Usawa ambao Mwanafalsafa aliuweka kuwa sharti la urafiki, Kristo autoa kuwa zawadi yake.

Hata hivyo zawadi hiyo haifuti hekima ya chumvi. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini neno "mtumwa" bado laweza kutumika kumdharau mtu kwa asili ya babu zake. Mchungaji atumwaye Mtwara, ambako Walutheri ni wachache kati ya Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana, yampasa kujiuliza huketi kula na nani, na ni nani katika mtaa wake ambaye hutumwa kazi tu wala haitwi mezani. Akianza na huyo, na akakaa muda wa kutosha, atakuwa ameanza kufundisha maadili ya Kikristo.