Mwalimu Anayekwenda Nyumbani

Katika vijiji vyetu kuna watoto wanaochelewa kusema, kutembea na kujivalisha nguo. Wengine wanafichwa nyumbani, wengine wanasingiziwa uchawi. Tusiwahesabu kuwa wenye wazimu. Wazimu ni ugonjwa, waweza kumpata hata mtu mzima. Ulemavu wa akili unaanza utotoni, wala hauponi kwa dawa. Kinachomsaidia mtoto huyo ni mafundisho. Tuone basi namna mafundisho hayo yalivyofika katika inchi maskini.

Zamani, Ulaya na Marekani, wengi wa watu hao walikusanywa katika nyumba kubwa, mbali na jamaa zao, wakaishi humo kama wafungwa. Lakini mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, jimbo la Wisconsin, Marekani, ilianzishwa njia nyingine. Watoto walikaa mbalimbali mashambani. Kwa hiyo mwalimu aliwafuata nyumbani, mara moja kwa juma. Alichagua jambo moja dogo, tuseme kushika kijiko, akamwonyesha mama namna ya kulifundisha kila siku. Juma la pili alirudi kutazama. Hivi mama mwenyewe alikuwa mwalimu.

Mwaka 1975 munganga Marigold Thorburn aliianza njia hii Kingston, katika kisiwa cha Jamaika. Huko walimu wenye diploma hawakutosha. Aliwazoeza wanawake wa mitaa ileile, nao wakatembelea nyumba za majirani zao. Shirika la Afya la Ulimwengu nalo lilitunga kitabu cha kuwafundisha walemavu vijijini mwao; kilijaribiwa tangu 1979, kikatolewa kamili 1989.

Je, njia hii yatosha? Hapana. Mama anachoka. Mtoto akikua anahitaji kazi na rafiki, na mtu wa kumtunza wazazi wakifa. Inchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 2006 juu ya haki za walemavu. Serikali ina deni la kulipa.

Lakini ninyi makatekista mnaingia nyumba ambazo Serikali haizijui. Mkihesabu watoto wa mafundisho, msiwahesabu wale tu wanaoletwa kanisani. Mwulizeni mama, kwa upole na kwa siri, kama yuko mwingine chumbani.