Sarafu za ukumbusho wa kifalme

Sarafu za ukumbusho wa kifalme ni fedha za chuma zinazotolewa kuadhimisha tukio la ufalme, kama vile kutawazwa, harusi au jubilii. Mwaka 1966 Ethiopia ilitoa sarafu za dhahabu kumuenzi Mfalme Haile Selassie, na Uganda, iliyokuwa jamhuri, ikatoa zake mwaka 1981 kwa harusi ya Mwanamfalme Charles wa Uingereza na Diana.

Upande wa Lubao, Kakamega, wafalme wa Uingereza walifika mkononi kupitia chenji ya kawaida. Ndururu, senti 5 ya Afrika Mashariki, ilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo haikuwa na nafasi ya sura: jina la mfalme lilizunguka tundu, taji likiwa juu. Zile za 1936 zina jina la Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia sokoni rasmi. Ndururu hiyo nyepesi ni ukumbusho adhimu kuliko nyingi za dhahabu.

Kenya huru ilichora marais. Sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Mwai Kibaki, iliadhimisha miaka 40 ya uhuru. Nabongo Mumia wa Wanga, mfalme kutoka Kakamega hiyohiyo, hakuchorwa.